Ramani kijani, sufuria tupu: kutafuta kosa kwenye mfumo wa taarifa za chakula

Ilikuwa mwezi wa pili, kifuku kimekolea, barabara ya kwenda tarafani imekatika, ndipo mtendaji wa kijiji mmoja akanipigia simu. "Afisa, ile ramani mliyobandika halmashauri inasema sisi huku tuna ziada ya chakula. Hiyo ziada ipo wapi, tuifuate?"

Wakati huo nilikuwa nashika takwimu za kilimo katika halmashauri moja ya huku Nyanda za Juu Kusini, na ramani hiyo niliichora kwa mkono wangu. Ilikuwa kijani kona hadi kona. Ilinichukua wiki tatu kugundua kwamba kosa halikuwa moja. Yalikuwa manne, yamepandana kama magunia kwenye fuso, na hakuna hata moja lililotokana na kompyuta.

Mwongozo huu nimewaandikia mabwana shamba, maafisa lishe, watu wa TEHAMA wa halmashauri na vijana wa miradi wanaotumwa kutengeneza "mfumo". Msingi wake ni wa zamani. Mkutano wa Dunia wa Chakula uliofanyika Roma Novemba 1996 uliahidi kupunguza idadi ya wenye njaa kwa nusu ifikapo 2015, na mara swali likajitokeza: wenye njaa ni akina nani, wapo wapi, na kwa nini? Nchi zikahimizwa kujenga mifumo ya kitaifa ya kukusanya taarifa na kuchora ramani za upungufu wa chakula. Hapa kwetu tuna MUCHALI, Mfumo wa Uchambuzi wa Uhakika wa Chakula na Lishe, na chini yake kuna taarifa za kila mwezi zinazopanda kutoka kijijini, kwenda kata, kwenda wilaya. Ramani ni paa tu. Ukiona paa linavuja, usikimbilie kununua bati jipya kabla hujakagua kenchi.

Mimi hushuku kwa mpangilio huu: kwanza kipimo, pili mgawanyo, tatu majina na mipaka, nne muda. Programu huwa naiweka mwisho kabisa.

Dalili: ghala limejaa, watoto wamedumaa

Dalili hii huwachanganya wageni wengi. Mbeya, Iringa, Njombe, Rukwa na Ruvuma ni mikoa inayoilisha nchi kwa mahindi, na ndiyo maana Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ana maghala Makambako, Songea na Sumbawanga. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 wa afya ya uzazi, mtoto na malaria ulikuta udumavu wa watoto wa chini ya miaka 5 ni asilimia 56.9 Iringa, 50.4 Njombe na 49.8 Rukwa. Wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Mgeni akiweka ramani ya mavuno juu ya ramani ya udumavu, anadhani mtu kageuza rangi.

Rangi hazijageuzwa. Ramani ya kwanza imechorwa kwa kiwango cha utoshelevu: chukua chakula kilichozalishwa, gawanya kwa mahitaji ya watu waliopo, zidisha kwa 100. Ikitoka 120 na kuendelea, eneo lina ziada. Kati ya 100 na 119, linajitosheleza. Chini ya 100, lina upungufu. Hesabu hiyo inajua mahindi yaliyovunwa. Haijui yaliyouzwa mwezi wa saba kulipa deni la mbolea na ada za shule, kisha yakanunuliwa tena mwezi wa kwanza, kisado kimoja kimoja, kwa bei ya kuumiza. Haijui pia kwamba mama anashinda shambani tangu alfajiri, mtoto kaachwa na dada yake wa miaka tisa, na uji mwepesi anaupata mara mbili kwa siku.

Namna ya kupima: usiulize kaya ina magunia mangapi, uliza imekula nini siku saba zilizopita. Kipimo cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, hutoa uzito kwa kila kundi la chakula, kisha huuzidisha kwa idadi ya siku. Nafaka na mizizi 2, jamii ya kunde 3, mboga za majani 1, matunda 1, nyama, samaki na mayai 4, maziwa 4, sukari nusu, mafuta nusu. Tuchukue kaya ya kawaida ya huku milimani. Ugali siku 7, hiyo ni 14. Majani siku 7, 7. Mafuta siku 7, tatu na nusu. Sukari ya chai siku 3, moja na nusu. Jumla 26. Kwa kipimo hicho, alama 21 kushuka ni hali mbaya, 21.5 hadi 35 ni ya mashaka, zaidi ya 35 inaridhisha. Kaya hii ina mashaka, hata kama kihenge chake kimefurika. Waongezee maharage siku nne tu, 12, wanafika 38 na wametoka hatarini. Tofauti ni maharage, na maharage hayaonekani popote kwenye ramani ya mahindi.

Sasa kuna mitego ya lugha, na hii sikuifundishwa darasani. Dodoso likitafsiriwa na mtu asiyetujua, linauliza: "Mlikula mboga siku ngapi?" Mama wa Kilolo atajibu saba, na hajadanganya. Kwetu mboga ni chochote cha kushushia ugali: maharage ni mboga, dagaa ni mboga, nyama ni mboga. Andika "mboga za majani", kisha uliza vitoweo vingine kimoja kimoja. Ukienda Rungwe, mtego ni ndizi. Ndizi za kupika ni chakula kikuu, zinaingia kundi la nafaka na mizizi zenye uzito wa 2. Ndizi mbivu ni tunda, uzito 1. Karani asiyeuliza "ndizi ipi?" anaharibu alama za tarafa nzima. Na maziwa ya kubadilisha rangi ya chai hayahesabiwi kama siku ya maziwa.

Tiba yake ni kuchora ramani mbili, ya uzalishaji na ya ulaji, na kuziacha ziwe mbili. Nimeona watu wakizichanganya wapate alama moja "rahisi kwa viongozi". Ukichanganya kijani na nyekundu unapata kahawia, na kahawia haimwambii mkuu wa wilaya afanye nini.

Dalili: mavuno kwa eka yanatia shaka

Wilaya moja imetoa mavuno maradufu ya jirani yake, mvua ileile, mbolea ileile. Au mwaka huu ni maradufu ya mwaka jana. Kabla ya kupongezana, fungua daftari la bwana shamba uone ameandika kwa kipimo gani.

Gunia kisheria halizidi kilo 100. Gunia la mtaani ni jambo jingine. Kuna gunia la debe tano, la debe sita, na kuna lumbesa lenye kilemba juu, limeshonwa kwa kamba kama mkeka. Kwenye viazi mviringo vya Umalila, Makete na Njombe, lumbesa imesumbua hadi Wakala wa Vipimo wamechoka kukamata magari. Mkulima akikuambia "nimepata gunia arobaini za viazi", anahesabu magunia yaliyotoka shambani. Wewe ukizidisha kwa 100, na kila gunia lilikuwa na kilo 130, umepoteza karibu robo ya mavuno yake. Kwenye mahindi kosa huenda upande mwingine: mfuko wa plastiki usiojaa, karani anaandika gunia.

Halafu kuna eka na hekta. Hekta moja ni eka 2.47. Wakulima wetu hulima kwa eka, fomu nyingi huuliza hekta, na karani aliyechoka saa kumi jioni hujaza namba ilivyotamkwa. Ukikuta kata nzima ina wastani wa gunia 50 kwa "hekta", inawezekana kabisa. Ukikuta gunia 50 kwa eka, huyo ni mkulima bingwa mmoja au ni kosa. Kata nzima haiwezi kuwa na mabingwa watupu.

Namna ya kupima ni ya kizamani: chukua mizani ya saa, nenda kwenye gulio, pima magunia kumi ya zao moja, andika wastani. Fanya hivyo kwa kila zao na kila gulio kubwa, mara moja kila msimu. Ndoo, kisado, debe na mkungu wa ndizi navyo vipimwe. Kisha fomu imruhusu karani kuandika kipimo alichotajiwa na mkulima, na mfumo ndio ugeuze kwenda kilo. Usimlazimishe karani kugeuza kichwani. Hili peke yake lilirekebisha kosa la kwanza kati ya yale manne yangu: mahindi ya kata ile nilikuwa nimeyahesabu kwa gunia la kilo 100, na walikuwa wanatumia mifuko ya debe tano zisizofika hata kilo 90.

Usisahau vinyungu. Iringa na Njombe watu hulima mabondeni kiangazi, wakavuna mahindi mabichi, maharage na mboga wakati wenzao wanasubiri mvua ya Novemba. Fomu yenye "msimu" mmoja tu haiyaoni mashamba haya. Kwa kaya maskini, kinyungu ndicho kinachovusha hadi mavuno. Mfumo usiokiona utatangaza njaa isiyokuwepo kijiji chenye bonde, na utashindwa kuiona njaa ya kweli mwaka bonde likikauka.

Dalili: mkoa umepoteza chakula bila ukame wala mafuriko

Chora mstari wa uzalishaji wa Mbeya kuanzia 2010. Unashuka ghafla 2016. Kijana mmoja wa mradi aliniletea grafu hiyo na maelezo marefu ya mabadiliko ya tabianchi. Nikamwambia, mdogo wangu, 2016 Mbozi, Momba, Ileje na wilaya ya Songwe zilitolewa Mbeya zikawa mkoa wa Songwe. Hakuna mvua iliyopungua, ni mpaka uliohama. Iringa nayo inashuka 2012, Njombe ilipozaliwa.

Tiba: hifadhi takwimu kwa ngazi ya kata au kijiji, kisha mikoa ijengwe kwa kujumlisha. Kila kata iwe na msimbo wake wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na iwepo jedwali linaloonyesha ilikuwa chini ya nani mwaka gani. Majina peke yake yatakuangusha. Songwe ni mkoa, ni wilaya ndani ya mkoa huo, ni mto wa mpakani na Malawi, na ni uwanja wa ndege uliopo Mbeya. Iringa ni mkoa, ni wilaya, ni manispaa. Na yupo Wanging'ombe: mmoja anaandika kwa king'ong'o, mwingine bila, wa tatu ameweka alama iliyogeuka upande, na kompyuta inaona wilaya tatu, mbili kati yake hazina watu.

Ukishafika kwenye watu, angalia kigawanyo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923 nchini, ya Agosti 2022 ikahesabu 61,741,120. Mfumo uliosahauliwa na idadi ya 2012 ndani yake unampa kila mtu chakula kinachozidi anachopata kweli kwa zaidi ya theluthi moja. Hili lilikuwa kosa langu la pili. Jedwali la idadi ya watu lilikuwa karatasi ya nne ya faili la Ekseli, imefichwa, na aliyeificha alishahamishwa.

Dalili: kata moja inalia, wilaya imenyamaza

Iringa Vijijini ina milima yenye ukungu na ina Isimani, Pawaga na Idodi. Ukitoka juu kwenye baridi ukashuka kuelekea Mtera unavua sweta njiani. Kilolo inayo milima ya miti na matunda, na inayo Ruaha Mbuyuni kwenye mibuyu na joto. Ukijumlisha wilaya kama hizi na kugawanya, unapata mahali ambapo hakuna mtu anayeishi.

Hata vipimo vya kimataifa vina mtego huu. Uainishaji wa IPC, unaopanga maeneo kwa ukali wa uhaba wa chakula na ulioanzia Somalia 2004, una awamu tano, kutoka kijani hafifu ya awamu ya 1, njano ya 2 na chungwa ya 3, hadi nyekundu iliyokolea ya awamu ya 5, baa la njaa. Eneo hupewa rangi ya awamu ya juu kabisa ambayo angalau asilimia 20 ya watu wake wamo humo au pabaya zaidi. Sasa chukua wilaya ya watu 300,000. Kama asilimia 18 wako awamu ya 3, hao ni watu 54,000 wanaouza mbuzi na mabati wapate kula, na ramani itabaki njano ya awamu ya 2. Ramani haijakosea, imefuata kanuni. Anayekosea ni anayesoma rangi bila kusoma jedwali lililo chini yake.

Tiba ninayoipenda ni kugawa kwa kanda za kilimo na kipato badala ya mipaka ya utawala: ukanda wa viazi na pareto, ukanda wa mahindi na maharage, bonde la mpunga la Usangu, ukanda wa ndizi na chai wa Rungwe, ukanda mkavu wa mtama na mifugo. Ni kazi. Maafisa wa wilaya hawaipendi kwa sababu bajeti haigawiwi kwa kanda. Basi weka zote mbili, na kila rangi ya wilaya iandikwe pembeni idadi ya watu walio pabaya, kwa namba kamili, isiwe asilimia tu. Mtu husoma 54,000 akasimama, 18 anaipita.

Dalili: setilaiti inasema kumestawi, mkulima anasema kumekauka

Nenda Mufindi. Chai ni kijani mwaka mzima. Misindano na mikaratusi ya Sao Hill ni kijani mwaka mzima. Setilaiti inayopima ukijani wa mimea haijui mahindi na msindano ni vitu tofauti, inaona majani. Mahindi ya mkulima yakinyauka mwezi wa pili katikati ya msitu wa kupandwa, wastani wa ukijani hautikisiki. Unahitaji kuchuja: pata ramani ya matumizi ya ardhi, toa misitu, chai na hifadhi, ubaki na mashamba ya msimu. Bila kuchuja, Mufindi haitawahi kuwa na njaa kwenye kompyuta yako.

Tatizo jingine ni mawingu. Mahindi yanahitaji kuangaliwa sana Januari hadi Machi, na miezi hiyohiyo anga la huku limefunikwa. Picha za siku kumi kumi hujazwa kwa makadirio pale zilipokosekana. Angalia safu inayosema picha ngapi ni halisi.

Mvua nayo. Takwimu za mvua za setilaiti zilizochanganywa na vituo, kama CHIRPS inayoanzia 1981, zina miraba ya karibu kilomita 5. Ni nzuri sana kwa tambarare. Kwenye safu za Livingstone na kuta za Rungwe, kilomita 5 zinatosha kukutoa kwenye kijiji kinacholoa kila siku hadi kijiji kilicho kivulini mwa mlima. Kipima mvua cha shule ya msingi, kikisomwa kila asubuhi na mwalimu anayejali, huishinda picha hapo. Na usitegemee chanzo kimoja cha nje. Januari 2025 mtandao wa tahadhari ya njaa wa FEWS NET, uliokuwepo tangu 1985, ulizimika baada ya fedha za Marekani kusimamishwa, na tuliozoea kuchungulia huko tukabaki tunatazamana kwa miezi.

Dalili: nukta zinaangukia baharini au nchi nyingine

Hili ni la haraka. Jiji la Mbeya lipo karibu nyuzi 8.9 kusini na 33.45 mashariki. Vijiji vyako vikitokea Sudan Kusini, karani amesahau alama ya kutoa mbele ya 8.9. Vikitokea baharini karibu na pwani ya Moroko, safu mbili zimebadilishana. Vikisogea karibu meta 300 tu, ramani moja inatumia vipimo vya zamani vya Arc 1960 na nyingine vya kisasa vya WGS84. Na kama unatumia meta badala ya nyuzi, kumbuka mstari wa nyuzi 36 mashariki, unaotenganisha kanda mbili za vipimo vya meta (UTM), unapita ndani ya mkoa wa Iringa: mjini ni kanda ya 36, Ilula tayari ni ya 37. Tumia nyuzi, uepuke kesi.

Tukiwa hapohapo: muda wa mahojiano ukiandikwa "saa 2", hakikisha mfumo unajua ni asubuhi. Nimewahi kuona ripoti ikilaumu makarani kwa kuhoji kaya usiku wa manane.

Dalili: mavuno mazuri, bei inapanda

Mfumo wenye akili ndogo unasema bei ikipanda chakula kimepungua. Huku kwetu lazima kwanza uangalie mipakani, Tunduma kwa Zambia na Kasumulu kwa Malawi. Mwaka 2024 Zambia ilipigwa na ukame wa El Niño, ikatangaza janga la taifa, ikaja kununua mahindi NFRA. Mahindi yetu yalikuwepo, ila yalikuwa na mteja mpya. Kwa mkulima mwenye gunia sitini hiyo ni neema. Kwa kibarua wa mashamba ya chai, au mjane anayenunua unga kwa kilo pale Mwanjelwa, ni njaa ndani ya ziada. Kwa hiyo usichore bei peke yake. Ichore dhidi ya ujira wa kibarua: siku moja ya kulima inanunua kilo ngapi za mahindi leo, na ilinunua ngapi mwezi kama huu mwaka jana? Kipimo hicho hakidanganyiki kirahisi.

Angalia pia bei ilichukuliwa ya jumla au ya rejareja, kwa gunia au kwa debe. Karani akibadilika katikati ya mwaka, "bei inapanda" siku aliyoanza kazi.

Dalili: taarifa inafika njaa ikiwa imeisha

Mavuno ya msimu wa 2023/24 hutoka shambani Mei hadi Julai 2024, na huliwa mwaka wa chakula wa 2024/25. Miaka miwili tofauti kwa gunia moja. Mtu wa kilimo akiandika 2023/24 na mtu wa lishe akaandika 2024/25, mfumo unalinganisha chakula cha mwaka mmoja na watoto wa mwaka mwingine. Mfumo uwe na safu mbili: mwaka wa kulima, mwaka wa kula.

Kubwa zaidi ni ukimya. Miezi ya njaa kwetu ni Desemba hadi Machi, na ndiyo miezi barabara zinakatika, umeme unayumba, na bwana shamba anapanda mlima kutafuta mtandao. Kwa hiyo vijiji vyenye shida zaidi ndivyo vinavyochelewa kuleta taarifa. Mfumo unafanya nini na kijiji kilichonyamaza? Ukiweka sifuri, umetangaza njaa. Ukikiruka, wastani unabaki wa vijiji vya barabarani, vyenye mtandao, vyenye soko. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la tatu. Kijiji kilichonyamaza kipewe rangi yake, mimi hutumia kijivu chenye mistari, na ramani yenye kijivu kingi isitoke ofisini ikiitwa ramani ya chakula. Iitwe kwa jina lake: ramani ya mahali ambapo hatujui.

Vishikwambi navyo vina tabia ya kutuma fomu mara mbili mtandao ukirudi. Kila fomu ipewe namba yake tangu inapofunguliwa, si inapopokelewa, na mapacha yataonekana.

Dalili: vijiji vyote vya kata vina upungufu uleule

Asilimia 40, 40, 40, 40. Hapa hakuna programu itakayokusaidia. Kuna uvumi wa mahindi ya bei nafuu, na watendaji wamekaa kwenye kibanda cha chai wakakubaliana. Mwaka mwingine upepo ukigeuka, mgeni mkubwa anakuja kuzindua kitu, vijiji vyote vina ziada. Sioni sababu ya kuwalaumu sana. Namba ikiwa na faida, watu huilima kama zao jingine lolote.

Njia yangu ni kuuliza kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Wangapi wamekwenda kibarua nje ya kijiji mwezi huu? Mashine ya kusaga inafanya kazi siku ngapi kwa wiki? Wanafunzi wangapi hawafiki Ijumaa? Watu wazima wamepunguza mlo ili watoto wale, mara ngapi kwa wiki? Hilo la mwisho, kwenye kipimo cha mbinu za kujikimu, lina uzito wa 3 kuliko yote, na sijawahi kuona kijiji kizima kikikubaliana jibu lake.

Ndivyo nilivyofanya kwa yule mtendaji. Barabara ilipopitika nilikwenda na ramani mpya, iliyorekebishwa gunia, idadi ya watu na vijiji vilivyonyamaza. Bado kata yake ilikuwa kijani, hafifu kidogo. Bibi mmoja, baada ya "kamwene" na kuulizana habari za nyumbani, aliichukua karatasi, akaigeuza juu chini, akauliza bonde lao liko wapi. Nikamwonyesha. "Mwanangu, hawa wa ng'ambo ya mto wana maji. Sisi huku hatuna. Mbona mmetupaka rangi moja?"

Hilo lilikuwa la nne. Nilirudi ofisini nikaigawa kata vipande viwili, na kipande chao kikatoka rangi ya chungwa.